Sharnai, Zumari na Fidla: Ala Zilizowahi Kuita Watu Katika Ua wa Hekalu Letu

Kila alfajiri, kabla ya sala ya kwanza, sharnai husikika kutoka juu ya lango la hekalu letu. Majirani wa mtaa huu wameizoea kiasi kwamba baadhi yao huitumia kama saa. Ni sauti nzuri, na aliyeipiga alikuwa fundi wa hali ya juu. Lakini hakuipiga hapa Tanga, wala hakupata kulijua hekalu letu. Ni sauti iliyotoka katika kanda, ikahamishiwa kwenye sidii, na siku hizi imo ndani ya kifaa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Kamati ya maadhimisho iliponiomba niandike historia ya muziki katika hekalu hili, nilidhani nitaandika habari za bhajani, harmonia na wafadhili walionunua vyombo. Nimeona afadhali niandike juu ya kile ambacho spika ile ilikiondoa, kwa kuwa mimi ndiye niliyepanda ngazi kuifunga.

Sharnai, ambayo watu wa kaskazini mwa India huiita shehnai, ni bomba la mti lililochongwa likiwa jembamba juu na kupanuka kuelekea chini, ambako huishia katika mdomo wa madini uliofunguka kama ua. Matundu yake huwa saba hadi tisa. Juu kabisa hutiwa ulimi, yaani vipande vyembamba vya utete vilivyofungwa pamoja, navyo hutetemeka mpigaji anapopuliza. Haina vitufe vya kubonyeza. Mpigaji hupata sauti za katikati kwa kufunika tundu nusu na kwa kubana au kulegeza midomo, na kwa hiyo anaweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila kukata, kama afanyavyo mwimbaji. Tena hapumziki: huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma ile iliyomo kinywani. Kwa kawaida huwa na mwenzake kando, ambaye kazi yake yote ni kushikilia sauti moja isiyobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipokuwa mtoto nilimhurumia sana yule mwenzake katika picha za arusi.

Ala hii ina ndugu wengi. Uajemi kuna sorna, Uturuki kuna zurna, Misri kuna mizmari, na China kuna suona. Katika pwani yetu kuna zumari, ambayo jina lake lina asili ya Kiarabu. Wadigo, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, huiita nzumari na huipiga katika ngoma ya sengenya, ambapo bomba moja hulazimika kusikika juu ya ngoma kadhaa na upatu. Umbo ni lile lile: bomba la kupanuka, ulimi wa jani, na chini ya ulimi kisahani cha kuegemeza midomo, ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa kifuu cha nazi. Pumzi nayo ni ile ile ya mzunguko. Mtu aliyezoea sharnai akisikia nzumari kwa mbali, husimama kwanza.

Wapo waumini wenzetu wanaofikiri kwamba sharnai ni ala ya Wahindu peke yao, kwa sababu huhusishwa na baraka na haikosi katika arusi zetu. Historia haisemi hivyo. Kule Kutch na Saurashtra, walikotoka wazee wengi wa hekalu hili, waliopiga sharnai na ngoma za nobat kwenye malango ya mahekalu walikuwa aghalabu Waislamu wa ukoo wa Langha. Bismillah Khan, mpigaji mashuhuri kuliko wote wa karne iliyopita, aliyezaliwa mwaka 1916, alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Shia. Alifundishwa na mjomba wake, ambaye alikuwa mpigaji wa hekalu la Vishwanath katika mji wa Varanasi, na yeye mwenyewe kwa miaka mingi alifanyia mazoezi katika hekalu kando ya mto Ganga. India ilipopata uhuru mwaka 1947, sharnai yake ndiyo iliyosikika katika Ngome Nyekundu mjini Delhi. Mwaka 2001 alitunukiwa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya raia nchini humo, na alipofariki mwaka 2006 alizikwa akiwa pamoja na sharnai yake. Nayaeleza haya mapema kwa sababu yatatusaidia mbele, tutakapofika kwenye mambo ya kamati.

Sasa, ala hii ilifikaje Tanga? Kwa kweli haikufika. Waliovuka bahari kwa pepo za kaskazi kutoka bandari kama Mandvi walikuwa zaidi wafanyabiashara na mafundi: wenye maduka, maseremala, washoni, waashi. Ukoo wa wapigaji haukuwa na sababu ya kuhama, maana riziki yake ilikuwa kwenye malango ya mahekalu na arusi za vijiji vyake. Kilichovuka ni harmonia, kwa kuwa yeyote anaweza kuibeba na hata mwenye kidole kimoja anaweza kuianza. Nayo si ya Kihindi kwa asili. Alexandre Debain aliisajili mjini Paris mwaka 1842, kisha mafundi wa Calcutta wakaipunguza ikawa sanduku la kukaliwa chini, lenye mvukuto wa mkono. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku kuanzia mwaka 1940 hadi 1971, hoja mojawapo ikiwa kwamba sauti zake zimefungwa mahali pamoja na haiwezi kuteleza. Mimi siichukii harmonia; mama yangu aliipiga kila Ijumaa. Ila hoja ile ilikuwa ya kweli.

Basi bwana arusi wa Kigujarati hapa Tanga, katika miaka ya 1920, alikuwa na tatizo. Msafara wake hauwezi kwenda kimya, na harmonia haipigwi mtu akitembea. Babu yangu alisimulia jinsi tatizo hilo lilivyotatuliwa katika arusi yake. Shangazi yake alimwita Mdigo mmoja aliyekuwa akileta nazi dukani, ambaye alijulikana kuwa fundi wa nzumari. Kwa siku tatu mama huyo aliketi nyuma ya duka akimwimbia kwa kuguna nyimbo mbili za kumpokea bwana arusi, naye akizirudia kwa bomba lake. Siku ya nne msafara ukatoka. Babu alikuwa akisema kwamba wimbo wa kwanza ulikuwa wa Kigujarati mpaka nusu ya njia, kisha ukaanza kuyumba kiunoni, na wapagazi wa bandarini waliokuwa kando ya barabara wakaingia msafarani.

Ningeiona hadithi hii kuwa chumvi za mzee kama si vitabu vya duka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na familia yetu imetunza madaftari yake ya jalada jekundu, yale yanayofunguliwa upya na kubarikiwa kila Diwali. Humo, kwa mwandiko wa baba wa babu yangu, mna mstari mmoja kwa Kigujarati: mtu wa zumari, shilingi kadhaa, mchele, na doti ya kanga kwa mkewe. Mstari huo unarudi miaka iliyofuata, na si kwa arusi tu. Unaonekana katika Navratri na katika Janmashtami, na baadaye hesabu inahama kutoka daftari la duka kwenda daftari la hekalu. Kwa maneno mengine, hekalu letu lilikuwa na mpigaji wa kudumu kwa zaidi ya miaka sitini, wa kwanza baba na baada yake mwana, wote Wadigo, wote Waislamu, kama Langha wa Kutch. Nilipokuwa mdogo nilimwona yule mwana kila Janmashtami, akiketi kwenye ngazi ya pili kutoka chini, upande wa kulia wa lango. Hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 1988, bidhaa ziliporudi madukani baada ya miaka ya uhaba, duka letu lilianza kuuza redio na kanda. Kijana nilikuwa mimi, mwenye haraka ya kuuza. Nilimshawishi baba, na baba, aliyekuwa mweka hazina, akaishawishi kamati, kwamba kanda moja ya sharnai ya asili kutoka Bombay ingekuwa safi zaidi na ya bei nafuu kuliko mpigaji. Hesabu niliyoiandika ilikuwa sahihi. Bei ya spika na kanda ilirudi katika mwaka mmoja na nusu. Mpigaji alipofika sikukuu iliyofuata alikuta sauti imeshatangulia, akasikiliza kwa muda, akala chakula cha hekalu pamoja na wengine, akaondoka. Hakurudi, nasi hatukumtafuta.

Mtu asidhani kwamba mkondo wa muziki kati ya pwani hii na Gujarat ulikuwa wa upande mmoja. Katika Gujarat wapo Wasidi, watu wenye asili ya Afrika waliofikishwa huko katika karne nyingi zilizopita, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Mpaka leo ngoma yao takatifu wanaiita goma, mojawapo ya ngoma zao huitwa musindo, na wanapiga malunga, ambayo ni upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, mbele ya kaburi la mtakatifu wao Bava Gor huko Ratanpur. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa maneno hayo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay na kundi lake, akarekodi nyimbo zilizouzwa katika pwani nzima. Katika safari hiyo udi na fidla za Waswahili zilisikika katika mji ule ule ambao miaka sitini baadaye ulituuzia kanda.

Fidla yenyewe ilikuja Zanzibar pamoja na taarabu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, na klabu ya Ikhwani Safaa ikaanzishwa mwaka 1905. Tanga nayo ikawa na zama zake za taarabu, ambazo wasomaji wa rika langu wanazikumbuka vyema. Lakini uta wa kusugua nyuzi ni wa zamani kuliko fidla, huku na huko. Bara tuna zeze la Wagogo, lenye kibuyu kwa mwili. Gujarat ina ravanhattho, ambayo mwili wake ni kifuu cha nazi kilichowambwa ngozi ya mbuzi, shingo yake ni mwanzi, na uzi wake mkuu ni wa singa za farasi. Masimulizi husema iliundwa na Ravana, mfalme wa Lanka, yule yule adui wa Rama. Kwa hiyo tunamchoma moto kila mwaka na kuendelea kupiga ala yake.

Mwaka jana, katika matayarisho ya maadhimisho haya, watu watatu walikutana katika ua wetu, na mazungumzo yao ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Mmoja ni kijana kutoka Kutch, aliyekuja na kundi la bhajani akiwa na ravanhattho mgongoni. Wa pili ni mpiga fidla mstaafu wa taarabu, jirani yetu wa mtaa wa pili. Wa tatu nilimtafuta mimi, na kumpata kulinichukua wiki tatu: ni mjukuu wa yule fundi wa kwanza, mzee wa umri wangu, anayelima minazi kaskazini mwa mji na bado anapiga nzumari. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi. Aliniacha nikayamaliza, kisha akasema, “Bhai, baba alisema kanda yenu ilikuwa ikipiga vizuri. Alichokereka ni kwamba haikupumua.” Halafu akaomba aone ravanhattho.

Walizungumza kuanzia alasiri mpaka chakula cha usiku. Kijana aliwaonyesha njuga zilizofungwa kwenye uta, ili mpigaji asiye na ngoma ajipigie mwendo wake mwenyewe. Mpiga fidla alicheka, akasema zamani katika klabu yao wangelipa pesa nyingi kumpata mtu ambaye uta wake haukosei mwendo. Akajaribu kuiweka ala ile chini ya kidevu kama fidla. Ikakataa, maana kifuu hukaa begani au kifuani. Kisha ikawa zamu ya mabomba. Kijana aliwachezea, kwa simu, sauti ya jodiya pava, filimbi pacha za wachungaji wa Kutch zinazopulizwa kwa pamoja; moja huitwa dume na hushikilia sauti moja, nyingine huitwa jike na huimba. Mzee wa nzumari alisikiliza mara tatu, akauliza swali ambalo mimi nisingeliwaza: huyo mtu mmoja anazipaje pumzi sawa mbili? Akawasimulia pia habari za morli, bomba la kibuyu la wachezesha nyoka. Sheria ya wanyamapori ya India ya mwaka 1972 ilikataza kufuga nyoka, na nyoka walipoondoka, riziki ya bomba iliondoka nao.

Ubishi ulianza walipofika kwenye suala la kufundisha. Kijana si wa ukoo wa wapigaji; alijifunza kwa fundi wa kijijini, kwa malipo, jambo ambalo anasema babu wa fundi yule asingelikubali. Mpiga fidla alijifunza kwa kusikiliza santuri za Misri, akirudisha sindano nyuma mpaka santuri ikachimbika. Leo, alisema, Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambacho hufundisha fidla, udi na ganuni kwa madaraja na kutoa vyeti. Na Bagamoyo chuo cha sanaa kimekuwepo tangu mwaka 1981, ambako marehemu Hukwe Zawose alifundisha zeze na ilimba. Mzee wa nzumari akasema, “Cheti hakina pumzi.” Mwenzake akamjibu kwa ukali kidogo: “Mzee, zama zetu msichana angejifunza fidla kwa nani? Klabuni tusingemruhusu hata kuigusa. Leo wasichana wa Unguja wanaipiga kutushinda.” Mzee alinyamaza, kisha akakiri kwamba ana mabinti watatu na hakumfundisha hata mmoja, na wanawe wa kiume hawakutaka.

Hapo akaeleza shida iliyo kubwa kuliko zote. Bomba, alisema, hata seremala anaweza kulichonga akipewa kipimo. Zumari ni ulimi. Jani lazima lichumwe likiwa limekomaa lakini halijapasuka, likaushwe kivulini, likatwe, likunjwe, lifungwe kwa uzi, kisha lijaribiwe na kukwanguliwa kidogo kidogo. Ulimi mmoja mzuri hutoka kati ya kumi zilizoharibika, na haudumu. Katika fidla unaweza kununua nyuzi dukani. Ulimi wa nzumari hauuzwi popote. Yeye ndiye anayezikata kwa ajili yake mwenyewe, na hajui mwingine katika vijiji vya jirani.

Nilipeleka pendekezo katika kamati mwezi uliofuata: chumba kilicho nyuma ya jiko, ambacho leo kinahifadhi viti vibovu, kiwe darasa la nzumari na fidla kila Jumamosi, kwa watoto wetu na watoto wa mtaa, pasipo kuulizwa dini. Lilipingwa. Mjumbe mmoja alisema hekalu si shule ya ngoma. Mwingine, mtu ninayemheshimu, aliuliza ni kwa vipi mpigaji asiye Mhindu atafundisha katika eneo takatifu, nami nikamsomea habari za Bismillah Khan nilizowaandikia hapo juu, na baada yake mistari kumi na minne kutoka madaftari yetu wenyewe, kila mmoja na tarehe yake. Wa tatu aliuliza gharama, na hilo ndilo swali nililolipenda, kwa kuwa nililijibu kwa karatasi: nauli na posho za walimu wawili, fidla mbili za mitumba, na kukarabati chumba, jumla yake ni chini ya tulichotumia mwaka jana kwa taa na maspika ya garba. Garba yenyewe iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2023, nasi tulishangilia sana, huku tukiicheza kwa muziki wa mashine. Kura zilipigwa, pendekezo likapita kwa tofauti ya kura moja, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Spika ya langoni inabaki. Sikuomba iondolewe, na majirani wangeikosa.

Waliojiandikisha mpaka siku ninapoandika ni saba: wanne wa fidla, watatu wa nzumari. Kati ya hao watatu, wawili ni wasichana, mmoja wao mjukuu wangu. Nzumari iliyopo ni moja tu, kwa hiyo watapokezana mpaka seremala wetu amalize nyingine mbili. Mzee ametuachia ndimi tano ndani ya kiberiti, zikiwa zimefunikwa kwa pamba, na ameagiza kwamba kabla ya kupuliza ziwekwe mdomoni kwa muda zilainike. Moja imekwisha kupasuka. Nilikuwa najaribu mimi.